Kete 64, mashimo 32

9,900,582,591,005,555,469,968,805.

Usijisumbue kuitamka. Hiyo ndiyo idadi ya namna zote ambazo kete 64 zinaweza kugawanyika katika mashimo 32 ya ubao wa bao, kuanzia ule mpangilio wa kichaa wa kete zote kurundikwa shimo moja, hadi ule wa kitoto wa kila shimo kupata mbili. Ina tarakimu 25. Watu wote bilioni 8 wa dunia hii wakikaa kila mmoja na ubao wake, wapange mpangilio mmoja mpya kila sekunde bila kulala na bila kurudia alioupanga mwingine, watahitaji kama miaka milioni 39 kuimaliza.

Ukubwa wake hata hivyo si jambo la kupigia kelele. Namba kubwa ni rahisi kuzipata: andika 1, kisha sifuri, kisha sifuri, hadi wino uishe. Ninachokistaajabia mimi ni ile kazi ya mikono inayomwezesha mtu kuijua namba ya namna hii nje ndani, na vigawo vyake vyote, kwa kalamu ya Bic na daftari la miraba, pasipo kupanga ubao hata mara moja.

Kazi hiyo inafanyika vizuri sana Kaloleni. Mtaa huu wa Eastlands, Nairobi, ulijengwa miaka ya 1940, karibu na Barabara ya Jogoo, nyumba za mawe za chini zikizunguka viwanja vya wazi, na ukumbi wake wa kijamii ulikuwa jukwaa la siasa la kina Tom Mboya kabla ya uhuru. Kuna pia maktaba, tawi la ile ya McMillan iliyofunguliwa katikati ya jiji mwaka 1931. Tawi hili limekarabatiwa na Book Bunk, shirika ambalo Angela Wachuka na Wanjiru Koinange walilianzisha mwaka 2017. Ndani kuna meza na watoto wenye kazi za shule, na mtu mzima anayejaza daftari la miraba hamshangazi mtu. Nje ni michezo. Wengi wako kwenye drafti, vizibo vya soda dhidi ya vizibo vya soda. Wenye asili ya Nyanza wana ajua yao ya safu mbili. Bao lenyewe, la safu nne za mashimo manane manane, halipatikani kila kibaraza Nairobi, ila hukosi mzee aliyefanya kazi Mombasa au Dar es Salaam akarudi nalo.

Anapocheza mzee wa namna hiyo, utazame mkono wake kwanza, ubao uusubirishe. Anachota kete za shimo zima kwa mkupuo mmoja, kiganja kinafumba, na kidole gumba kinaanza kuzisukuma nje moja moja, shimo baada ya shimo, kwa mwendo usiobadilika. Hazihesabu. Kabla ya kete ya kwanza kudondoka, jicho limeshafika shimo la mwisho kuona kama litakuwa na kitu ndani, na kama shimo la mpinzani linalolikabili nalo lina cha kuliwa. Akila, alichokula anakianzisha upya kutoka kichwani, yaani shimo la mwisho la safu ya mbele, na safari inaendelea. Nilimwuliza mmoja wao, nikimwita mzee kwa Kijaluo, "Jaduong', huwa unazihesabu kweli?" Hakuinua macho. "Wewe hesabu," akasema. "Mimi nicheze."

Alexander de Voogt, Mholanzi aliyewachunguza mafundi wa bao Zanzibar, aliandika tasnifu nzima mwaka 1995 kuhusu namna vichwa vyao vinavyofanya kazi. Mimi naifuata ile amri ya jaduong'. Nahesabu.

Hatua ya kwanza ni kukwepa kuhesabu. Chukua kete 64 uzipange mstari mmoja mezani. Chukua njiti 31 za kiberiti. Sasa zichomeke njiti hizo popote katika mstari, hata mbili tatu zikifuatana. Kete zilizo kabla ya njiti ya kwanza ni za shimo la kwanza. Zilizo kati ya ya kwanza na ya pili ni za shimo la pili. Njiti mbili zikigusana, shimo la kati yake ni tupu. Njiti 31 zinatenga mafungu 32. Kwa hiyo kila mpangilio wa ubao ni mstari mmoja wa vitu 95, na swali zima limegeuka kuwa hili: katika nafasi 95, ni nafasi zipi 31 utazipa njiti? Ubao umetoweka. Kilichobaki ni hesabu ya mchanganyiko ambayo mwanafunzi wa sekondari anaijua: zidisha 95 × 94 × 93 ukishuka hadi 65, kisha ugawe kwa 31 × 30 × 29 ukishuka hadi 1.

Hapa ndipo fundi na asiye fundi wanapoachana. Asiye fundi atazidisha yote ya juu kwanza. Atapata namba ya tarakimu 59. Kisha atazidisha ya chini, apate tarakimu 34, halafu atake kugawanya moja kwa nyingine kwa mkono, na Mungu amsaidie. Mwenye kikokotoo cha shule atabonyeza na kuonyeshwa 9.900582591 na 10 kwa kipeo cha 24, maana kioo kina nafasi ya tarakimu 10 tu. Tarakimu 15 za mwisho zimekatwa. Hawezi kujua hata kama namba yake ni shufwa au witiri.

Fundi hazidishi kitu. Anakata.

Anaandika namba za juu, 65 hadi 95, na za chini, 1 hadi 31. Kisha anachukua namba tasa moja na kuuliza inakaa mara ngapi juu, mara ngapi chini. Mfano 7. Juu inakaa ndani ya 70, 77, 84 na 91. Chini inakaa ndani ya 7, 14, 21 na 28. Nne kwa nne, zinafutana, 7 imekwisha kazi. Kwa hiyo tunajua tayari, bila kuiona namba yenyewe, kwamba 7 haiigawanyi. Mfano 11: juu ni 66, 77, 88; chini ni 11 na 22. Tatu kwa mbili, inabaki moja. 13: juu 65, 78, 91; chini 13, 26; inabaki moja. Kwenye 5 uwe mwangalifu kidogo, kwa sababu 75 imebeba 5 mbili na 25 nayo imebeba mbili. Juu ziko nane, chini saba. Inabaki moja.

Kuna raha yake katika kazi hii, na raha hiyo haitokani na haraka. Kila namba tasa ni kesi inayojitegemea. Ukimaliza 17 (68 na 85 juu, 17 peke yake chini, inabaki moja) huna deni lolote unapoingia 19. Unaweza kufunga daftari, ukanunua chai, ukarudi. 29 inakuja na 87 juu, inakutana na 29 yenyewe chini, inafutika. 31 inakuja na 93, inafutika vilevile. 37 ina 74 juu na haina mpinzani chini, kwa hiyo inabaki. Hivyo hivyo 41 kwa sababu ya 82, 43 kwa sababu ya 86, 47 kwa sababu ya 94. Halafu 53, 59 na 61 zinapita bila kugusa chochote: zenyewe ni ndogo kuliko 65, na mara mbili yake inapita 95. Na zile zinazokaa kati ya 65 na 95, yaani 67, 71, 73, 79, 83 na 89, zinaingia zote kwa miguu yake zenyewe.

Niliacha 2 kwa makusudi, kwa sababu 2 ndiyo yenye vurugu nyingi. Inajificha mara sita ndani ya 64, mara tano ndani ya 96, na kadhalika, ila 64 na 96 zote ziko nje ya mpaka wetu kwa hatua moja moja. Ukihesabu kwa utulivu utakuta 2 zipo 26 juu. Chini? 26. Zinafutana zote. Namba yetu, yenye tarakimu zote hizo na iliyotokana na 64 na 32, ambazo zimejengwa kwa 2 tupu, haina hata 2 moja ndani yake. Ni witiri.

Ernst Kummer, Mjerumani, alionyesha mwaka 1852 njia ya mkato ya kuliona hilo. Andika 31 na 64 kwa mfumo wa namba wa 2, ule wa kompyuta: 11111 na 1000000. Zijumlishe. Hakuna mahali popote unapolazimika kubeba moja kwenda safu ya pili, kwa kuwa moja za 31 zinakaa penye sifuri za 64. Idadi ya mara unazobeba ndiyo idadi ya 2 zilizomo ndani ya jibu. Umebeba mara sifuri. 2 ni sifuri. Kanuni hiyo hiyo inafaa kwa namba tasa yoyote ukiandika kwa mfumo wake, na ukiijaribu kwa 3 utabeba mara moja.

Njia ya Kummer ni safi, lakini mimi nina nyingine ninayoipenda zaidi, maana inaurudisha ubao mezani.

Simamisha kioo katikati ya ubao, kikate safu zote nne, mashimo manne ya kila safu kushoto na manne kulia. Kila mpangilio una mwenzake kiooni: zilizokuwa shimo la mwisho kushoto zinahamia la mwisho kulia, na yote yaliyo katikati vivyo hivyo. Mpangilio ukitofautiana na mwenzake, wahesabu pamoja kama jozi. Jozi hutoa shufwa daima, kwa hiyo zitoe zote nje. Haziwezi kugeuza jibu. Wanaobaki ni wale tu wanaofanana na taswira yao, kushoto na kulia sawa sawa. Kuwajua hao inatosha kutazama upande mmoja, ambao ni mashimo 16 yenye kete 32. Kunja tena kwa namna ile ile: mashimo 8, kete 16. Tena: mashimo 4, kete 8. Tena: mashimo 2, kete 4. Tena: shimo 1, kete 2.

Na kete 2 ndani ya shimo 1 zina namna moja tu ya kukaa.

Kwa hiyo namba nzima ni jozi juu ya jozi juu ya jozi, pamoja na mmoja asiye na mwenzake. Fungua mikunjo yote mitano umwone huyo mmoja ni nani. Ni kete mbili katika kila shimo, ubao mzima. Kila anayejua bao anautambua mpangilio huo mara moja: ndio mwanzo wa bao la kujifunza, lile analofundishiwa mtoto kabla hajaruhusiwa kugusa bao la wakubwa, ambalo huanza kila mchezaji akiwa na kete 6 ndani ya shimo liitwalo nyumba, mbili mbili katika mashimo mawili jirani, na 22 mkononi. Kati ya mipangilio yote hiyo ambayo dunia nzima ingehitaji miaka milioni 39 kuipanga, unaoifanya namba iwe witiri ni ule wa watoto.

Turudi kwenye daftari. Kilichobaki baada ya kukata ni hiki: 3 × 5 × 11 × 13 × 17 × 19 × 23 × 37 × 41 × 43 × 47 × 67 × 71 × 73 × 79 × 83 × 89. Namba tasa 17, na hakuna hata moja iliyojirudia. Itazame tena orodha hiyo. Nilipoanza nilitarajia kukuta 3 za kipeo cha nne au cha tano, 5 mbili tatu, ule mrundikano wa kawaida wa namba tasa ndogo katika hesabu za mchanganyiko. Hapana. Kila moja imekuja mara moja ikakaa. Si tabia ya kawaida ya namba za aina hii. Ukichagua nusu kamili ya vitu, mathalani 4 katika 8, unapata 70, ambayo ni 2 × 5 × 7, haina marudio. Lakini Paul Erdős alibashiri kwamba baada ya hapo, nusu ya 10, ya 12, ya 14, na kuendelea bila kikomo, jibu daima litakuwa na namba tasa iliyojirudia. Uthibitisho kamili ulipatikana mwaka 1996, kazi ya Andrew Granville na Olivier Ramaré. Bao linaponea kwa kuwa 31 si nusu ya 95.

Kutokana na orodha hiyo, vigawo vya namba yetu vinahesabika papo hapo. Kila kigawo ni uamuzi wa kuichukua au kuiacha kila moja ya namba tasa 17, yaani 2 kwa kipeo cha 17. Ni 131,072, na zote ni witiri.

Sasa tu ndipo fundi anapozidisha, na hata hapo anagawa kazi. Kumi na moja za kwanza, hadi 47, zinatoa 48,855,059,795,685. Sita za mwisho zinatoa 202,652,143,553. Kisha mafungu hayo mawili yanazidishwa kwenye karatasi ya miraba, tarakimu moja kwa kila mraba, tatu tatu, na hapo ndipo utaona kwa nini miraba ni bora kuliko mistari: tarakimu ikisogea mraba mmoja tu, umeharibu.

Ndiyo maana kuna mitihani. Jumlisha tarakimu zote 25, upate 123. Inagawanyika kwa 3 na haigawanyiki kwa 9, kama orodha ilivyoagiza. Kata namba katika mafungu ya tatu tatu na uyajumlishe: 9 na 900 na 582 na 591 na 005 na 555 na 469 na 968 na 805. Jumla ni 4,884, ambayo ni 37 × 132. Kwa kuwa 999 ni 27 × 37, mtihani huo unathibitisha kwamba 37 imo. Kisha chukua mafungu hayo hayo ukiruka moja moja kutoka kulia: 805, 469, 005, 582 na 9 ni 1,870, yaliyorukwa ni 3,014. Tofauti ni 1,144, yaani 8 × 11 × 13. Na kwa kuwa 1,001 ni 7 × 11 × 13, umethibitisha kwa pigo moja kwamba 11 imo, 13 imo, na 7, ile tuliyoifuta mwanzoni kabisa kwa nne kwa nne, haimo. Sijui furaha gani ya mezani inayolingana na hiyo, labda kula nyumba ya mpinzani.

Mchezaji hana haja na lolote kati ya haya, na haki yake. Mipangilio mingi iliyomo ndani ya namba hii haitatokea kamwe katika mchezo wa kweli; hakuna njia ya kufika kete 64 shimo moja. Watafiti wa Uholanzi waliojaribu kuifundisha kompyuta kucheza bao mwanzoni mwa miaka ya 2000 walihitaji tu kujua kwamba ukubwa wake ni kama 10 kwa kipeo cha 25, wakaendelea na shughuli zao. Mwaka 2006 watafiti wa huko huko, pamoja na de Voogt, walichapisha makala kuonyesha kwamba mkono mmoja wa bao unaweza kuzunguka ubao bila kufika mwisho. Hiyo ni habari ya kumshtua jaduong' kuliko namba tasa zote 17.

Lakini kuna kitu kimoja alichonipa yeye bila kukusudia. Namba yetu inazihesabu kete zote 64 zikiwa ubaoni, yaani bao limefika mtaji. Kabla ya hapo ni namua, na wakati huo kete nyingine ziko mkononi. Basi uhesabu mkono kuwa shimo la 33. Mikono ni miwili, ndiyo, ila wachezaji hupokezana kuzitoa moja moja, kwa hiyo ukijua jumla na zamu ni ya nani, unajua kila mmoja ameshika ngapi. (Mkono wenye kete zaidi ya 44 haupo, lakini hesabu haijali.) Kete 64, mashimo 33, njiti 32, nafasi 96. Namba mpya ni ya kwanza ukiizidisha kwa 96 na kuigawa kwa 32, yaani mara 3 kamili: 29,701,747,773,016,666,409,906,415.

Bado ni witiri. Ila 3 iliyokuwamo imepata mwenzake, na ile sifa ya kutokuwa na namba tasa inayojirudia imekwisha. Vigawo si tena 131,072, ni 196,608. Ukitaka kuhakikisha, jumlisha tarakimu zake: ni 117, na 117 ni 9 mara 13.